Kuku wa Njugu: Wasomaji Wanauliza, Wapishi Wanajibu

Tangu baridi ianze, barua nyingi zinazoingia jikoni kwetu zinahusu chakula kimoja: kuku aliyeungwa kwa njugu karanga. Baadhi yenu mmekula mchuzi huu kwa majirani kutoka Uganda, wengine kwa marafiki wa Afrika Magharibi, na sasa mnataka kuupika wenyewe. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Vipimo ni vya watu sita, na kikombe tunachotaja ni cha mililita 250.

Hamjambo wapishi? Jumapili nina wageni na nimenunua kuku wa kienyeji. Jirani amenieleza kuku wa njugu anavyopikwa, lakini kila kitu kwake ni "weka kiasi". Naomba vipimo kamili na hatua zake. — Mama watoto, Umoja

Hatujambo, mama. Tafuta kuku wa kilo moja na nusu, akatwe vipande 10 hadi 12. Utahitaji siagi ya njugu isiyo na sukari gramu 250 (kikombe kimoja, kijae sawasawa), vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya nne zilizoiva sana, vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya kopo, tangawizi mbichi ya urefu wa kidole gumba, punje sita za kitunguu saumu, mafuta ya kupikia vijiko vitatu vikubwa, pilipili mbuzi moja, chumvi, na dania ya kumalizia.

Kuku wa kienyeji usimwanze kwa kumkaanga. Mchemshe kwanza katika lita moja na nusu ya maji pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu ya tangawizi na nusu ya kitunguu kimoja. Maji yakianza kuchemka, engua povu, punguza moto, funika na uache yatokote polepole. Kaa macho hapa: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Nyama ngumu huchukua muda zaidi kulainika huku kuliko Mombasa. Mtengee kuku wa kienyeji saa moja na robo, na kama ni jogoo aliyekomaa, saa mbili. Ukiwa na presha kuka, dakika 25 hadi 30 tangu ianze kupiga filimbi zinatosha. Mtoe uma unapopenya kwenye paja bila kusukumwa kwa nguvu, lakini nyama ikiwa bado imeshika mfupa. Supu usiimwage hata tone. Ichuje na uipime. Unataka lita moja. Ikipungua, ongeza maji moto.

Sasa pasha mafuta katika sufuria nzito na ukaange vipande hadi vipate rangi pande zote, dakika nane hivi. Vikaange kwa awamu mbili, kwani ukivijaza vyote kwa pamoja vitatoa maji na kuishia kuchemka. Viweke kando. Katika mafuta hayo hayo tia vitunguu vilivyobaki, vikatwe vidogo, na uvikaange kwa dakika kumi hadi viwe na rangi ya hudhurungi. Tia kitunguu saumu na tangawizi iliyobaki, vyote vikiwa vimepondwa, koroga dakika moja. Kisha nyanya ya kopo, dakika mbili, mpaka rangi yake ikolee. Mwisho nyanya mbichi zilizokwaruzwa kwa grata. Hizi zipe dakika 10 hadi 12, hadi ukipitisha mwiko katikati uone mafuta yakijitenga na nyanya. Nyanya ambazo hazijafika hapo ndizo zinazoupa mchuzi ukali wa kuchachuka, na hakuna sukari itakayouondoa baadaye bila kuharibu ladha.

Siagi ya njugu iweke kwenye bakuli. Ongeza supu moto upawa mmoja baada ya mwingine huku ukikoroga. Upawa wa kwanza utakushtua, kwa sababu njugu zitakaza na kuwa nzito kuliko zilivyokuwa. Usikate tamaa; upawa wa pili utazilegeza, na wa tatu utazifanya uji laini. Mimina uji huo kwenye sufuria, ongeza supu iliyobaki, rudisha kuku, na uweke pilipili mbuzi nzima juu bila kuipasua.

Hapa punguza moto hadi uone mapovu machache tu yakipasuka taratibu. Acha kifuniko wazi kidogo. Pika dakika 30 hadi 35, ukikoroga kila baada ya dakika tano na kuupitisha mwiko chini kabisa ya sufuria. Mchuzi umeiva unapoona matone ya mafuta ya rangi ya machungwa pembeni, madogo kama punje za mtama, ambayo baadaye huungana na kuwa utando. Ukionja kabla ya hapo utasikia ladha ya njugu peke yake na nyanya peke yake. Matone yakishatokea, ladha hizo huwa zimeshikana. Onja chumvi sasa, kwa sababu mchuzi umepungua maji na supu ilikuwa na chumvi yake. Toa pilipili, nyunyiza dania, na uache sufuria itulie dakika kumi kabla ya kupakua.

Nilifuata maelezo ya kutumia siagi ya njugu lakini ilifanya mabonge, kisha ikaungua chini na mchuzi wote ukanuka moshi. Nilikosea wapi? — Msomaji, Zimmerman

Mabonge hutokea siagi ya njugu inapotumbukizwa kutoka mkebeni moja kwa moja hadi kwenye mchuzi unaochemka. Sehemu ya nje hukutana na maji na kukaza papo hapo, na ya ndani hubaki kavu. Izimue kwanza kwenye bakuli kama tulivyomweleza mama wa Umoja. Mabonge yakishatokea, chota mchuzi pamoja nayo bila kuku, usage kwenye blenda (acha upoe kidogo na usijaze blenda zaidi ya nusu), halafu urudishe sufuriani.

Kuungua kuna sababu mbili. Unga wa njugu huzama, na mchuzi mzito hauzunguki wenyewe sufuriani kama supu nyepesi, kwa hiyo kinachotua chini hukaa pale pale juu ya moto. Sufuria nyembamba ya alumini huongeza shida, maana joto hujikusanya mahali mwali unapogusa. Tumia sufuria ya kitako kinene. Kama huna, weka bati la kupikia chapati juu ya moto na uitue sufuria yako juu yake.

Ukisikia harufu ya kuungua, zima moto na usikoroge tena. Usikwaruze chini. Mimina mchuzi wa juu kwenye sufuria nyingine na uache kilichoganda kikae kilipo. Onja. Ikiwa uchungu haujapenya, endelea kwa moto mdogo na nusu kikombe cha maji moto. Ikiwa umepenya, okoa kuku: mwoshe kwa maji moto na uanze mchuzi upya. Viungo vya pakiti havifichi ladha ya njugu iliyoungua, huifuata tu.

Ni bora ninunue siagi ya njugu dukani au nisage mwenyewe? Ya dukani niliyotumia ilifanya chakula kiwe kitamu kama keki. — Msomaji, South B

Saga mwenyewe kama una blenda yenye nguvu. Kama huna, nunua ya dukani lakini usome maandishi ya mkebe. Unachotaka kuona kwenye viambato ni njugu, au njugu na chumvi, basi. Sukari ndiyo iliyokuharibia chakula. Mafuta yaliyogandishwa, ambayo huongezwa ili siagi isitengane mkebeni, nayo huchelewesha yale matone ya mafuta tunayoyategemea kujua kwamba mchuzi umeiva. Siagi yenye mafuta yaliyoelea juu ndiyo inayofaa mpishi. Ikoroge tu kabla ya kupima.

Kwa kusaga nyumbani, anza na njugu gramu 300 zilizochambuliwa, uzikaange kavu kwenye sufuria kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Koroga bila kuacha. Zinapoanza kupasuka na ganda jembamba linatoka ukizisugua, onja moja iliyopoa. Ndani iwe na rangi ya krimu iliyoelekea kahawia, si kahawia nzito. Zitoe mapema kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu huendelea kujikaanga kwa joto lake zikiwa kwenye ungo. Njugu zilizokolea moto huwa tamu za kutafuna, lakini zikipikwa nusu saa tena kwenye mchuzi hugeuka chungu.

Zisugue, zipepete maganda, kisha usage. Kwanza utapata unga, halafu unga utashikamana na kugandamana ukutani mwa blenda. Zima, ukwangue kwa kijiko, uendelee. Baada ya dakika nne au tano mafuta ya njugu hutoka na kila kitu hulainika. Pumzisha mashine kila baada ya dakika moja, la sivyo mota itachemka. Usitie maji hata kidogo wakati wa kusaga: njugu zenye maji hukaza, na zilizobaki hazitakaa zaidi ya siku mbili.

Mwenye kinu na mchi hahitaji blenda. Rojo yake itakuwa na chenga kidogo, na kuna wanaoipenda hivyo. Sisi tunaipenda hivyo ikiliwa na ugali.

Napikia kwenye jiko la makaa na kuku ninayempata mtaani ni broila. Kila nikimpika na njugu anavunjikavunjika na mifupa inabaki inaelea. Nifanyeje? — Baba mpishi, Kawangware

Ndugu, hatua tulizotoa hapo juu ni za kienyeji. Broila ni mchanga na nyama yake ni laini, kwa hiyo usimchemshe kabla. Mpake chumvi na tangawizi, mwache nusu saa, mkaange dakika sita hadi nane apate rangi, umtoe. Tengeneza mchuzi kamili kwa lita moja ya maji moto badala ya supu na uupike peke yake dakika 15. Rudisha mapaja na miguu, ipe dakika 25. Vipande vya kidari viingie dakika kumi baada ya mapaja, kwa sababu hukauka upesi. Kuanzia hapo koroga pembeni na chini kwa utaratibu, bila kuwageuzageuza kuku. Kata paja karibu na mfupa uhakikishe: maji yawe maangavu bila wekundu. Mwenye kipimajoto cha jikoni angoje nyuzijoto 74.

Kuhusu jiko, makaa yakishika vizuri fanya kazi zote za moto mkali kwanza, yaani kukaanga kuku, vitunguu na nyanya. Kabla ya kutia njugu, funga mlango wa hewa wa jiko, sogeza makaa pembeni na ufunike ya katikati kwa majivu. Moto wa makaa uliopoa namna hiyo unaufaa mchuzi huu sana. Wengi huunguza mchuzi kwa kutia njugu jiko likiwa limewaka kwa ukamilifu, wakitarajia kupunguza moto baadaye.

Nimesikia njugu zina sumu ya aflatoksini. Je, kuzipika muda mrefu kunaiondoa? — Msomaji, Kariobangi

Hapana, na tungependa kila anayepika njugu alijue hili. Aflatoksini hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye njugu na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Joto la sufuria haliivunji. Hata kukaanga huipunguza kwa sehemu tu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui huko Ukambani, na yalikuwa yamepikwa kama kawaida.

Kwa hiyo kazi ifanyike kabla ya moto. Nunua njugu nzima, si zilizosagwa tayari bila kujulikana zilikotoka, kwa sababu kwenye unga huwezi kutofautisha njugu nzuri na zile zilizotupwa. Kwenye maduka ya nafaka ya Nyamakima au sokoni kwenu, chovya mkono ndani ya gunia: njugu ziwe kavu, zisiwe na joto wala harufu ya ukungu. Nyumbani zimwage kwenye sinia penye mwanga na uchambue moja moja. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa meusi, ya kijani au ya njano, na zilizochipua. Chambua tena baada ya kukaanga na kutoa maganda, kwani rangi mbaya iliyojificha chini ya ganda huonekana hapo. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme. Zilizokataliwa usiwape kuku wala ng'ombe. Sumu huwadhuru wao pia na hupita kwenye maziwa.

Kuchambua hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ingawa macho hayawezi kupima. Sheria ya Kenya inaruhusu mikrogramu 10 tu za aflatoksini kwa kilo, kiasi ambacho ni maabara pekee inayokiona. Ukinunua siagi ya mkebe, angalia alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na tarehe ya mwisho ya matumizi. Njugu zako ziweke kwenye chombo kikavu kinachofunga barabara, mbali na sinki.

Mchuzi wangu una mafuta mengi juu. Nimeuharibu? — Msomaji, Ngara

Hujauharibu, umeuivisha. Kama ni mengi mno machoni pako, acha utulie dakika kumi uyaengue kwa kijiko. Mafuta hayo yana harufu nzuri. Hifadhi kijiko kimoja cha kukaangia sukuma wiki kesho.

Rafiki yangu Mghana anasema mchuzi wangu ni mzito kupita kiasi, Mganda ninayeishi naye anasema ni mafuta mengi na haukupaswa kukaangwa. Ni nani yuko sawa? — Msomaji, Kilimani

Wote wawili, kila mmoja kwa chakula cha kwao. Ghana kuna nkatenkwan, ambayo ni supu: nyepesi, yenye tangawizi na pilipili nyingi, huliwa na fufu au na mabonge ya wali yanayoitwa omo tuo. Kwa ladha hiyo tumia gramu 150 za siagi ya njugu kwa lita moja ya supu na usage nyanya na vitunguu viwe laini. Senegal na Mali hupika maafe, rojo nzito yenye karoti, kabichi, mihogo au viazi vitamu, juu ya wali. Gambia wana domoda, ambayo huongezwa maji ya ndimu. Vipimo tulivyotoa leo viko karibu na maafe, kwa sababu walaji wengi hapa watamega ugali au chapati, na mchuzi mwepesi hautashika tonge.

Mganda wako naye anazungumzia binyebwa. Hapo njugu husagwa zikiwa mbichi, huzimuliwa kwa maji na kuchemshwa bila kukaanga chochote, kisha humwagwa juu ya matoke. Ukitaka kuunga kuku kwa njugu mbichi, mpe muda: dakika 45 hadi saa nzima baada ya kuzitia, hadi harufu ya maharagwe mabichi iishe. Tumia sufuria kubwa na usifunike. Njugu mbichi hutoa povu na hufurika ghafla.

Njugu karanga zenyewe asili yake ni Amerika Kusini, na zilifika Afrika katika karne ya 16 kupitia Wareno. Magharibi mwa bara walikuwa tayari wanalima njugu mawe, kwa hiyo hazikuwachukua muda kuzoeleka.

Naweza kuongeza mboga? Watoto wangu hawali mboga zikiwa peke yake. — Msomaji, Donholm

Unaweza, na mchuzi huu huzipokea vizuri. Viazi vitamu gramu 400, vipande vya ukubwa wa kiberiti, viingie dakika 20 kabla ya kumaliza. Karoti vivyo hivyo. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, dakika nane. Mchicha au terere, dakika nne. Managu ichemshe pembeni kwanza umwage maji, la sivyo uchungu wake utatawala sufuria. Mboga za majani hutoa maji, hivyo acha mchuzi ukae mzito kidogo kabla ya kuzitia.

Mgeni wetu hawezi kula njugu, humvimbisha midomo. Nikimpakulia kuku bila mchuzi inatosha? — Msomaji, Lang'ata

Haitoshi hata kidogo. Mwenye mzio wa njugu anaweza kuzidiwa na kiasi kidogo sana, hata kilichobaki kwenye mwiko au kwenye mafuta ya kukaangia, na mzio mkali huziba pumzi. Siku hiyo usipike njugu kabisa. Osha blenda, sinia na mbao za kukatia kwa sabuni na maji moto kabla ya kuanza. Mbegu za maboga zilizokaangwa na kusagwa hutoa rojo nzuri kwa vipimo vile vile, ingawa rangi itaelekea kijani. Simsim pia hufaa kwa gramu 150 tu, kwani ladha yake ni kali, lakini ina mzio wake yenyewe. Muulize mgeni kabla ya kununua chochote.

Mchuzi uliobaki ulikuwa umeganda kama siagi kesho yake, na ule wa friza ulikatika ulipoyeyuka. Niuhifadhi vipi? — Msomaji, Pipeline

Kuganda ni kawaida: njugu huendelea kunywa maji mchuzi unapopoa. Wakati wa kupasha, tia kwanza nusu kikombe cha maji moto kwa kila vikombe viwili vya mchuzi, moto uwe mdogo, koroga hadi ulegee. Hakikisha umechemka hadi katikati, kisha uonje chumvi upya.

Usiuache mezani zaidi ya saa mbili. Ugawe kwenye vyombo vidogo vya kimo kifupi ili upoe haraka, uuweke kwenye friji, uliwe ndani ya siku tatu. Friza huuhifadhi kwa miezi miwili, lakini toa viazi kwanza kwa sababu hulegea na kuwa majimaji. Kukatika baada ya kuyeyuka ni mafuta kujitenga tu. Uyeyushe ndani ya friji usiku kucha, upashe taratibu, na ukiona bado umetengana, koroga kijiko kimoja cha siagi ya njugu katika robo kikombe cha maji moto uutie ndani. Utashikana tena ndani ya dakika tano.